Samuel Insull: aliyeshusha bei ya umeme Marekani, halafu makaratasi yakamwangusha

Mwaka 1894 bosi mmoja wa kampuni ya umeme ya Chicago alirudi kwao Uingereza kupumzika, akafika Brighton, mji wa pwani, na usiku anatembea mtaani akaona kitu ambacho mtu mwingine angekipita tu. Maduka yameshafungwa lakini taa zinawaka, tena sio yale makubwa peke yake, mpaka viduka vidogo kabisa. Yeye anauza umeme, anajua vizuri kwamba kule Chicago mwenye duka dogo hawezi kuacha taa inawaka baada ya kufunga, bili ingemfilisi. Akataka kujua wanafanyaje, akapelekwa kwa aliyekuwa anaendesha mtambo wa pale, jamaa anaitwa Arthur Wright. Alichoonyeshwa ni mita.

Tutarudi kwenye hiyo mita, maana ndo kiini cha yote. Huyo bosi ni Samuel Insull, na ukiulizia habari zake utakuta watu wamegawanyika, kuna wanaomwita tapeli aliyekula akiba za wajane na kuna wanaomwita baba wa umeme wa kisasa, na pande zote mbili ni wachache wanaotulia wakaeleza jamaa alikuwa anafanya nini hasa. Mimi naona stori yake haieleweki mpaka utenganishe mashine mbili alizojenga, moja ya kuzalisha na kusambaza umeme, nyingine ya kutafuta hela. Ya kwanza ilibaki nzima mpaka mwisho. Ya pili ndo ilimmaliza.

Alizaliwa London mwaka 1859, familia ya watu wa kawaida, baba yake muumini aliyeshika sana kampeni za kupinga ulevi, hela ya nyumbani leo ipo kesho haipo. Akiwa na miaka 14 akaanza kazi ya utarishi kwenye ofisi ya wanadi mnada, akajifunza hatimkato, yale maandishi ya alama za kunukuu haraka mtu anavyoongea, na hayo maandishi ndo yalimfungulia mlango. Mwaka 1879 akajibu tangazo la gazetini la mtu anayetafuta karani, kumbe mwenye tangazo, Kanali George Gouraud, ndo mwakilishi wa Thomas Edison kule Ulaya. Kila barua na kila mkataba wa Edison uliopita pale Insull akausoma, mpaka biashara za Edison za Ulaya akawa nazo kichwani.

Tarehe 28 Februari 1881 akashuka melini New York, ana miaka 21, kuwa katibu binafsi wa Edison mwenyewe. Usiku uleule hakulala. Edison alimkalisha mezani, akamwambia ana hela kiasi fulani benki lakini anahitaji nyingine nyingi kujenga viwanda vya taa, sasa atazitoa wapi, na kijana akapekua makaratasi mpaka karibu na alfajiri akimwonyesha kipi cha Ulaya kinaweza kuuzwa na kipi kinaweza kukopewa. Hebu fikiria, mgeni ambaye hajafungua hata begi, lafudhi ya London nzitonzito, anamwelekeza mtu maarufu kuliko wote Marekani kuhusu mali yake mwenyewe. Ndo maana Edison akamuachia mambo ya hela moja kwa moja. Mwaka 1882 kituo cha kuzalisha umeme cha Pearl Street kikawashwa Manhattan, mwaka 1886 kiwanda cha mashine za Edison kikahamishiwa Schenectady, mji wa jimbo la New York, na Insull akapewa kukisimamia, kina wafanyakazi mia mbili hivi, mpaka anaondoka miaka sita baadaye wameshafika kama 6,000.

Aliondoka kwa sababu mwaka 1892 mabenki ya New York yaliunganisha kampuni ya Edison na mshindani wake, ikazaliwa General Electric, na Edison mwenyewe akawekwa pembeni. Insull alipewa nafasi ya makamu wa rais kwenye kampuni mpya, mshahara kama dola 36,000 kwa mwaka, hela kubwa mno enzi hizo. Akaikataa. Akaenda Chicago Edison, kampuni ndogo, kwa dola 12,000. Tena waliokuwa wanatafuta rais wa kampuni ile walimuomba awapendekezee mtu, naye akajipendekeza mwenyewe. Kutoka hapo hakuwahi tena kuwaamini watu wa benki wa New York, na ushike hiki kitu maana kitarudi mwishoni kabisa.

Chicago ina watu zaidi ya milioni, lakini wateja wa umeme ni elfu chache tu, na wamegawanywa kwa kampuni nyingi ndogondogo, kila moja na kijimtambo chake, kila moja na waya zake. Matajiri wanaotaka taa wananunua jenereta zao wanaweka chini ya jengo. Umeme ni anasa, kama vile mtu kuwa na kibwawa cha kuogelea uani. Insull alikopa dola 250,000 kwa Marshall Field, yule mfanyabiashara wa maduka makubwa, akanunua hisa za kampuni aliyoajiriwa, yani alijifunga na mzigo wake mwenyewe kuanzia siku ya kwanza.

Sasa turudi kwenye mita ya Brighton, na hapa nakuomba uvumilie hesabu kidogo.

Umeme ni bidhaa ya ajabu. Ukioka mikate mia moja, halafu hamsini kati yake haijanunuliwa, unayo kesho. Umeme wa enzi zile hukuweza kuuhifadhi kwa kiwango cha maana, unazalishwa sekunde hii na unatumika sekunde hiihii. Kwahiyo mtambo unaujenga kwa kuangalia ile saa moja ambayo watu wote wamewasha, hata kama masaa mengine umekaa tu. Na gharama kubwa ya umeme sio makaa ya mawe, ni mtambo wenyewe na waya, maana umevikopea hela na riba inatembea usiku na mchana mtambo uwe umewashwa au umezimwa.

Tuseme mtambo wako una uwezo wa kilowati 1,000, na riba na uchakavu na gharama zisizobadilika ni dola 100,000 kwa mwaka. Ukiutumia wote masaa mawili tu jioni, watu wakiwasha taa, kwa mwaka unauza yuniti 730,000, kila yuniti inabeba karibu senti 14 za mtambo hata kabla hujachoma makaa. Mtambo huohuo ukifanya kazi masaa 12 kwa siku unauza yuniti 4,380,000, na kila yuniti inabeba senti 2 na ushee. Hujanunua hata msumari mpya. Umejaza tu masaa yaliyokuwa matupu.

Sasa kama unauza kwa bei moja ya yuniti kwa kila mtu, unamuadhibu yule anayekusaidia. Mtu mwenye taa kumi anazowasha nusu saa tu anakulazimisha uwe na mtambo wa taa kumi, na analipa kidogo sana. Mwenye taa moja inayowaka usiku kucha hakusumbui na mtambo mkubwa, ila bili yake inakuwa kubwa. Wright alichofanya ni kutengeneza kifaa cha kupima vyote viwili. Kifaa chenyewe kilikuwa bomba la kioo lililopindwa, lina kimiminika ndani, umeme ukipita unapasha joto hewa iliyofungiwa upande mmoja, hewa inatanuka inasukuma kimiminika, na kikizidi kinamwagikia kwenye kijibomba chenye alama pembeni na hakirudi tena. Mwisho wa mwezi msoma mita anaangalia kiasi kilichomwagika, anajua huyu mteja siku aliyowasha vitu vingi kwa pamoja alifika wapi. Mteja analipia kwanza ule ukubwa aliowahi kuhitaji, yani sehemu yake ya mtambo, halafu yuniti zinazofuata anapewa kwa bei ya chini kabisa. Ndo maana viduka vya Brighton viliacha taa zinawaka, kuziacha ziwake hakukuongeza kitu cha maana kwenye bili.

Insull alivyorudi Chicago akaichukua staili hii na kuipanua kuliko mwenyewe Wright. Akaanza kuwatafuta wateja kwa saa zao. Maofisi yanatumia mchana, nyumba zinatumia usiku, tramu zinatumia asubuhi na jioni watu wakienda na kurudi kazini, viwanda vya barafu vinatumia zaidi kiangazi wakati taa zinatumika kidogo. Kila mmoja akijenga mtambo wake, ukijumlisha mitambo yote unapata mlima. Ukiwaunganisha kwenye mtambo mmoja unahitaji mdogo zaidi, kwa sababu hawawashi wote saa moja. Kampuni za tramu za Chicago zilikuwa na mitambo yao binafsi, akawapa bei ya chini sana mpaka wakaona kuendelea kuzalisha wenyewe ni kupoteza hela. Nyumba kwa nyumba akawa anapeleka pasi za umeme watu wazijaribu, maana pasi ni mchana na mtambo mchana una nafasi. Wanauchumi wa umeme wana jina refu la hii kitu ya watu kutowasha kwa pamoja, mimi nitaiita kupishana, na naomba uishike hiyo kupishana mkononi maana tutaihitaji tena.

Mashine yenyewe ilihitaji kuwa kubwa. Injini za mvuke za pistoni zilikuwa zimefika mwisho, ukizikuza zaidi zinatikisa jengo zima. Insull akawabana General Electric wamjengee turbini, mashine ambayo mvuke unaizungusha badala ya kusukuma pistoni, ya kilowati 5,000, kubwa kuliko zozote walizowahi kutengeneza, kwa kituo kipya cha Fisk Street. Siku ya kuiwasha mwaka 1903 mhandisi wake Frederick Sargent alimwambia atoke nje, maana hajui kama haitalipuka, Insull akagoma kutoka, akasema ikilipuka na yeye kwisha habari yake vilevile. Haikulipuka. Miaka michache baadaye akaing'oa akaweka nyingine kubwa zaidi. Mwaka 1907 kampuni zake za mjini zikaungana zikawa Commonwealth Edison, moja tu kwa mji mzima, na bei ya yuniti ikawa inashuka miaka nenda rudi huku faida inapanda.

Kampuni moja kwa mji mzima, hapo lazima mtu aulize, si atatupandishia bei anavyotaka? Insull aliliona hilo mapema kuliko wenzake. Mwaka 1898, akiwa rais wa chama cha makampuni ya umeme, alisimama mbele ya mabosi wenzake akawaambia waombe serikali za majimbo ziwasimamie, tume ipange bei kutokana na gharama pamoja na faida ya wastani, na wao walindwe wasiingiliwe na mshindani. Wengi waliona amechanganyikiwa, mfanyabiashara gani anaomba serikali imshike? Lakini jamaa alikuwa na hesabu mbili. Mtandao wa waya mbili kwenye mtaa mmoja ni kulipia mtambo mara mbili, na anayelipa ni mteja. Pili, kampuni iliyolindwa na serikali inakopa kwa riba ndogo, na kwenye biashara ambayo gharama yake kubwa ni riba hiyo ndo kila kitu. Mwaka 1907 New York na Wisconsin zikaanzisha tume hizo, majimbo mengine yakafuata, na mfumo huo mpaka leo uko sehemu kubwa ya Marekani.

Kuna doa hapa na sitalipita. Mwaka 1926 Insull alimchangia Frank L. Smith dola 125,000 za kampeni ya useneta, na huyo Smith ndo alikuwa mwenyekiti wa tume ya Illinois inayopanga bei za makampuni yake. Smith alishinda, Seneti ikakataa kumpa kiti. Mtu aliyesema serikali isimamie kwa haki anampa hela msimamizi, hapo alijiharibia mwenyewe na aliharibu hata lile wazo zuri alilokuwa nalo.

Sasa mashine ya pili.

Kuanzia kama mwaka 1910 alianza majaribio Lake County, kaskazini ya Chicago, eneo la mashamba na vijiji, vingi havina umeme kabisa na vilivyonao vinawashiwa jioni tu. Akanunua vijimtambo vyao, akavizima, akavuta waya kutoka mtambo mkubwa, wakapata umeme masaa 24. Kupishana kulekule kwa mjini kumbe kunafanya kazi hata shambani. Mwaka 1912 akaanzisha Middle West Utilities kufanya hivyohivyo nchi nzima, na hii haikuwa kampuni ya umeme, ilikuwa kampuni mama, kazi yake ni kushika hisa za kampuni za umeme. Ilikuwa na maana yake. Kampuni ya mji wa watu 3,000 hakuna benki itaikopesha kwa riba ya maana, haiwezi kuajiri mhandisi mzuri, kampuni mama inafanya yote mawili kwa mamia ya miji kwa pamoja. Mpaka kufikia 1930 himaya yake inahudumia wateja zaidi ya milioni nne kwenye majimbo 32.

Shida iko kwenye namna hela zilivyopangwa, na hii ndo sehemu watu wengi wanairuka, wanasema tu piramidi halafu wanaendelea. Chukua kampuni ya umeme yenye mali ya dola milioni 100. Milioni 60 ni hati fungani, yani mkopo wa riba. Milioni 20 ni hisa za upendeleo, hizo gawio lake limepangwa na kwa kawaida hazina kura. Milioni 20 zilizobaki ni hisa za kawaida zenye kura. Ukitaka kuitawala unahitaji nusu ya hizo na kidogo, tuseme milioni 10. Unaunda kampuni mama ya kushika hizo milioni 10, na yenyewe unaigharamia kwa mkopo wa milioni 5, hisa za upendeleo milioni 2, za kawaida milioni 3. Anayetaka kuitawala kampuni mama anahitaji milioni moja na nusu. Weka kampuni bibi juu yake kwa staili ileile, na aliye juu kabisa ana chini ya milioni moja na anaamua mambo ya mali ya milioni 100.

Watu wakisikia hivyo wanadhani ubaya ni ule utawala. Ubaya mkubwa zaidi uko kwenye mtiririko wa hela. Kampuni ya chini ikipata faida ya milioni 7, inatoa milioni 3 za riba na milioni 1 na laki 2 za hisa za upendeleo, inabaki milioni 2 na laki 8 ya hisa za kawaida, nusu yake, milioni 1 na laki 4, inapanda kwa kampuni mama. Kampuni mama inalipa riba laki 3, inalipa upendeleo laki 1 na elfu 40, wenye hisa za kawaida wa milioni 3 wanabakiwa na laki 9 na elfu 60. Asilimia 32 kwa mwaka! Nani hataki? Sasa mwaka mbaya umekuja, faida ya chini imeshuka kutoka 7 mpaka 5, bado kampuni nzima, taa zinawaka, wateja wanalipa. Ukitoa zile riba na upendeleo inabaki laki 8, zinazopanda juu ni laki 4, na kampuni mama inadaiwa laki 4 na elfu 40. Imeisha. Faida imeshuka hata theluthi haijafika na juu hakuna kitu. Na kampuni bibi ndo usiseme.

Kibaya ni kwamba Insull alikuwa anajua gharama isiyobadilika ni nini kuliko mtu yeyote duniani, maisha yake yote alipambana nayo kwenye mitambo. Riba ni gharama isiyobadilika. Kwenye mitambo aliijazia masaa matupu, kwenye makaratasi alikuwa anairundika ghorofa juu ya ghorofa.

Kwanini alifanya hivyo? Sio tamaa peke yake, ninavyoona mimi. Miaka ya mwisho ya 1920 mtu mwingine mhamiaji, Cyrus Eaton, mzaliwa wa Kanada aliyetajirikia Cleveland, alianza kununua kimyakimya hisa za makampuni ya Insull. Insull mwenyewe hakuwa na hisa za kutosha, alikuwa mwendeshaji zaidi kuliko mmiliki, na akaogopa atanyang'anywa kazi ya maisha yake kama Edison alivyonyang'anywa 1892. Desemba 1928 akaunda Insull Utility Investments, mwaka uliofuata akaunda Corporation Securities, kazi yake kushika hisa za kutosha asing'olewe, na hizi mbili zikawa zinamilikiana hisa, yani ukifuata nani anamiliki nani unazunguka duara unarudi pale ulipoanzia. Soko lilikuwa limepagawa. Hisa ya Insull Utility Investments ilianza mwaka 1929 kama dola 30, kiangazi ikawa karibu 150. Wafanyakazi wake walihimizwa kununua na kuuza hisa kwa majirani na wateja, na walinunua, wengine kwa kukopa. Oktoba soko likaanguka. Siku chache baadaye, tarehe 4 Novemba 1929, akafungua jumba la opera la Chicago alilolijenga, ghorofa 45, kama vile hakuna kilichotokea.

Na kweli kwenye umeme hakikutokea kikubwa, watu waliendelea kuwasha taa. Ndo kilichomdanganya. Akaamini mdororo utapita, akaendelea kujenga na kukopa. Mwaka 1930 akamlipa Eaton dola milioni 56 aachie hisa zake, kwa bei iliyo juu ya soko, na sehemu ya hela hizo ilitoka kwenye mabenki ya New York, wale wale aliowakwepa miaka 38. Dhamana aliyoweka ni hisa. Hisa zikashuka, benki zikataka dhamana zaidi, akaongeza hisa, zikashuka tena. Mpaka mwisho wa 1931 hakuna kilichobaki kwenye kapu, hisa zote za kampuni zile mbili ziko mikononi mwa benki.

Hapa ile kupishana ndo inahitajika. Ufundi wote wa Insull ulisimama juu ya jambo moja, kwamba watu milioni nne hawawashi taa dakika ileile, na hilo ni kweli, ni kweli mpaka kesho. Lakini wakopeshaji hawapishani. Hofu ikiingia wote wanataka hela yao siku ileile, saa ileile, na wanaotaka kuuza hisa wote wanauza kwa pamoja, na hakuna mtambo wa ukubwa huo duniani. Ile mashine ya makaratasi aliijenga kana kwamba watu wa hela nao wanapishana kama mwenye ofisi na mwenye kiwanda cha barafu.

Aprili 1932 Middle West ilishindwa kulipa deni la dola kama milioni 10 lililofika muda wake, benki zikagoma kuongeza muda, kampuni ikawekwa chini ya mfilisi. Kwa kampuni yenye wateja karibu milioni mbili nchi nzima, milioni 10 haikuwa kitu. Juni akajiuzulu vyeo vyake, zaidi ya kampuni 60, karatasi moja baada ya nyingine inawekwa mbele yake anasaini. Akaenda Paris. Septemba Franklin Roosevelt, aliyekuwa anagombea urais, akamtaja kwa jina kwenye hotuba ya kampeni San Francisco, Oktoba mashtaka yakatoka Chicago, naye akakimbilia Ugiriki. Mahakama za Ugiriki zilikataa mara mbili kumrudisha Marekani, ila shinikizo lilizidi, Machi 1934 akapanda meli ya kukodi ya Maiotis ikawa inazurura baharini haina pa kwenda, na ilipotia nanga Istanbul Waturuki wakamkamata. Ana miaka 74. Alikuwa raia wa Marekani tangu 1896, lakini magazeti yaliyokuwa yanampamba sasa yanamwandika kama mgeni aliyekuja kuiba akakimbia, na mimi naona kukimbia kwenyewe ndo kulimuumiza jina kuliko mashtaka.

Kesi kubwa, ya udanganyifu kupitia posta, ilisikilizwa Oktoba na Novemba 1934. Alipanda kizimbani akasimulia maisha yake tangu utoto London, hatimkato, usiku ule na Edison, turbini, yote, na wale raia kwenye jopo la mahakama wakasikiliza kama watu wanaosikia jinsi taa za nyumbani kwao zilivyofika. Tarehe 24 Novemba wakasema hana hatia. Kesi nyingine mbili zilizofuata nazo akashinda. Kisheria alikuwa sahihi kushinda, maana mengi aliyofanya hayakuwa kosa kwa sheria za wakati ule. Ila waliopoteza akiba zao, na ni watu laki kadhaa, hawakurudishiwa na hukumu ile, na wengi wao walinunua hisa kwa sababu ya jina lake tu.

Sheria zenyewe zilibadilika kwa ajili ya mambo kama yake. Mwaka 1935 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kampuni mama za umeme na gesi, ikazivunja zile ghorofa, kurundika zaidi ya kampuni bibi ikapigwa marufuku, na iliyobaki ibaki na mtandao mmoja ulioungana. Sheria ile ilikaa miaka 70 mpaka ilipofutwa na sheria ya nishati ya 2005. Mwaka uleule wa 1935 Roosevelt akaanzisha shirika la kupeleka umeme mashambani, kazi ambayo Lake County ilikuwa imeonyesha miaka 25 nyuma kwamba inawezekana, lakini makampuni mengi binafsi hayakutaka kuifanya kwenye maeneo yasiyo na faida ya haraka.

Commonwealth Edison haikufilisika, hata mwaka ule wa 1932. Ipo mpaka leo, Chicago inaijua kwa jina la ComEd. Kituo cha Fisk kiliendelea kuchoma makaa palepale alipogoma kutoka nje, mpaka mwaka 2012 kikazimwa. Na kiwanda au jengo kubwa lolote Marekani ukiangalia bili yake utakuta mistari miwili, mmoja wa yuniti, mwingine wa ile siku waliyowasha vitu vingi kwa pamoja, na siku hizi huo wa pili unapimwa na chipu badala ya kimiminika kwenye bomba la kioo.

Insull alikufa tarehe 16 Julai 1938 kwa shtuko la moyo, kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Tuileries, Paris, ameshuka ngazi akapande treni ya umeme kama abiria wengine, mfukoni sarafu chache.